Hivi Martin Luther King alishinda kwa upole tu? Njia ya kutotumia nguvu ilifanyaje kazi hasa?

Mdadisi2

Wakuu heshima kwenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limetuletea mabishano makali sana na washkaji zangu na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Ni kuhusu Martin Luther King. Ile hotuba ya ndoto Washington mwaka 1963 kila mtu anaijua, kwamba aliuawa kwa risasi 1968 kila mtu anajua, ila ukimuuliza mtu sasa alifanya nini hasa miaka yote hiyo anaanza kubabaika. Mwenzetu mmoja akaja na hoja kwamba King alikuwa anawaambia watu weusi wakipigwa wakae kimya, wakiumwa na mbwa waimbe, halafu wazungu wakaona huruma wakatoa haki. Mwingine akasema hakuna cha huruma, wazungu waliogopa akina Malcolm X waliosema mweusi ajilinde kwa nguvu, na fujo za mijini, King alikuwa mtu wa kupigwa picha tu.

Mi zote mbili haziniingii akilini. Mtu wa kuonewa huruma FBI wasingehangaika nae vile, simu kusikilizwa, nyumba kupigwa bomu, na mtu wa picha haendi jela zaidi ya mara ishirini. Kwahiyo swali langu ni hili, unakaa chini unapigwa, kesho sheria inabadilika, hapo katikati kunakuwa kumetokea nini? Na je yeye mwenyewe alikuwa anaiamini ile njia au ilikuwa mbinu tu kwa vile hawakuwa na silaha za kutosha? Wenye nondo washushe.

Kalamu_Nyekundu

Mkuu Mdadisi, ukitaka kuona hapo katikati kuna nini nenda Birmingham, Alabama, Aprili na Mei 1963. Ila kwanza uanzie Albany, Georgia, mwaka mmoja nyuma, maana kule King alishindwa, na watu wengi hawapendi kupasimulia.

Albany walienda kupinga ubaguzi kwenye kila kitu kwa mpigo, mabasi, maktaba, bustani, migahawa, vyote. Mkuu wa polisi wa kule, Laurie Pritchett, alikuwa mjanja, alikaa akasoma kabisa jinsi King anavyofanya kazi. Akawaambia askari wake wasimpige mtu mbele ya kamera, wakamate kwa adabu, na akaongea na jela za kaunti za jirani ili wafungwa wakizidi awasambaze huko. Sasa unataka kujaza jela na jela haijai, unataka dunia ione ukatili na ukatili hauonekani, utafanya nini? King aliondoka Albany 1962 mikono mitupu. Kama ingekuwa ni huruma ya wazungu ndo inaleta haki, Albany ilikuwa na watu wengi tu wa kuonewa huruma.

Kwahiyo walipoitwa Birmingham na mchungaji Fred Shuttlesworth, ambaye alikuwa anapambana pale tangu 1956 na nyumba yake ilishalipuliwa usiku wa Krismasi akiwa ndani, walikuja na akili nyingine. Walichagua sehemu moja tu ya kubana, maduka ya katikati ya mji, tena karibu na Pasaka, msimu ambao wenye maduka wanautegemea sana. Watu weusi walikuwa wateja wazuri wa maduka yale lakini hawaruhusiwi kujaribu nguo, hawaruhusiwi kukaa kwenye kaunta ya chakula, na kazi ya kuuza humo hawapewi. Basi wakaacha kununua, na huku vijana wanaenda kukaa kwenye zile kaunta mpaka wakamatwe.

Sasa angalia maandalizi maana hapa ndo watu wanaruka. Kila aliyejitolea alisaini kadi yenye ahadi kumi, moja ilikuwa kujizuia na ukatili wa ngumi, wa ulimi na wa moyo. Halafu wanafanyishwa mazoezi, wenzako wanakutukana matusi ya nguoni, wanakusukuma, wanakuvuta, wanaangalia kama utarudisha. Ukirudisha hufukuzwi, unapangiwa kazi nyingine, kupiga simu, kuendesha gari, kuchapa karatasi. Mtu akikwambia wale walikuwa wanakaa tu wapigwe mwambie hata kukaa pale walikuwa wanafanyiwa usaili.

Ijumaa Kuu tarehe 12 Aprili King mwenyewe akavunja amri ya mahakama iliyokataza maandamano akakamatwa. Humo ndani ndo akaandika ile barua maarufu, alianza kuiandika pembezoni mwa gazeti kwa sababu karatasi hana, akiwajibu wachungaji na viongozi wa dini nane wa kizungu waliosema anaharakisha mambo. Na mle ndani anasema waziwazi kabisa kwamba lengo la kuingia barabarani ni kuleta mvutano mkubwa kiasi kwamba wale waliokataa kuzungumza walazimike kukaa mezani. Haombi huruma hata mstari mmoja. Anasema pia kwamba kinachomvunja moyo ni mzungu wa katikati, yule anayependa utulivu kuliko haki, pengine kuliko hata wale wabaguzi wa wazi.

Halafu mambo yakakwama. Hela ya dhamana ikaisha, watu wazima wakaanza kuogopa kwenda jela maana ukikamatwa unafukuzwa kazi. Hapo James Bevel, msaidizi wa King, akaja na wazo la kuwatumia wanafunzi. Tarehe 2 Mei wakatoka mamia kwa mamia kanisa la Baptist la mtaa wa 16, kundi likikamatwa linatoka jingine, kwa siku chache jela zikajaa mpaka watoto wakafungiwa kwenye viwanja vya maonesho. Bull Connor, ambaye polisi na zimamoto zote zilikuwa chini yake, uvumilivu ukamshinda, tarehe 3 akatoa mbwa na mabomba ya maji. Yale maji yalikuwa na kasi ya kumbingirisha mtoto barabarani na kumchania nguo. Picha zikaenda dunia nzima. Lakini naomba uelewe kilichomaliza mchezo, wiki iliyofuata katikati ya mji palijaa waandamanaji, hakuna anayenunua kitu, jela hakuna nafasi, na wenye maduka maji yakawafika shingoni. Wakakaa mezani. Tarehe 10 Mei makubaliano yakatangazwa: kaunta, vyumba vya kujaribia nguo na vyoo kufunguliwa kwa wote, na watu weusi kuajiriwa madukani. Vyama vya wafanyakazi huko nje vikachanga dola 160,000 za kuwadhamini waliokuwa ndani. Mwezi mmoja baadae rais Kennedy akasimama kwenye televisheni akaahidi sheria ya haki za kiraia, na rais aliyemfuata, Johnson, akaja kuisaini tarehe 2 Julai 1964.

Kuhusu watoto, wapo waliomlaumu sana King wakati ule, Malcolm X akiwemo, na mi siwezi kuwaambia hiyo lawama haina uzito. Yeye mwenyewe alisita kabla ya kukubali.

Bin_Kassim

Kalamu umeeleza vizuri sana ila umeishia pazuri. Tarehe 11 Mei, kesho yake tu baada ya makubaliano, wabaguzi walilipua nyumba ya mdogo wake King na ile moteli aliyokuwa anafikia, na usiku ule watu weusi wa Birmingham ambao hawakusaini kadi yoyote waliingia barabarani na mawe. Kennedy akasogeza askari wa jeshi karibu na mji. Sasa niambie ile hotuba ya Juni ilitokana na nyimbo au ilitokana na usiku ule?

Selma nayo hivyohivyo. Tarehe 7 Machi 1965 watu kama 600 waliokuwa wanaandamana kudai haki ya kupiga kura walipigwa virungu na kupigwa mabomu ya machozi kwenye daraja la Edmund Pettus. Mara ya tatu walipovuka mpaka wakafika Montgomery ilikuwa ni kwa sababu Johnson alichukua jeshi la akiba la Alabama akaliweka chini yake, askari wenye bunduki wakasimama pembeni ya barabara njia nzima. Amani yao ililindwa na bunduki. Na kule Mississippi kwenye matembezi ya 1966 walikuwepo Deacons for Defense, watu weusi wa Louisiana wenye silaha, wanalinda waandamanaji wa King, na King alijua na akakubali wawepo.

Malcolm mwenyewe alikwenda Selma Februari 1965 King akiwa jela, akamwambia Coretta hajaja kumharibia mumewe, kwamba wazungu wakiona upande wa pili una nini pengine watakuwa tayari zaidi kumsikiliza King. Wiki chache tu kabla hajauawa. Mi namheshimu King sana lakini hili lazima lisemwe.

Mama_Upendo

Nyote mnaongea kama kina baba mkikaa pamoja, King, Connor, Kennedy, Malcolm. Naomba niwarudishe Montgomery 1955 maana bila pale huyo King hamngemjua.

Rosa Parks alikamatwa Alhamisi jioni tarehe 1 Desemba. Kabla yake, Machi mwaka huohuo, alishakamatwa binti wa miaka 15 anaitwa Claudette Colvin kwa kosa lilelile la kukataa kumpisha mzungu kwenye basi. Sasa usiku ule wa Parks, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na mkuu wa baraza la kisiasa la wanawake pale mjini, hakulala. Aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili wakawasha mashine ya kudurufu, ujumbe waliuandika mfupi ili uingie mara tatu kwenye karatasi moja, wakakata, wakafunga mafungu, na asubuhi yake wakaanza kuzigawa mashuleni, madukani, saluni. Makumi ya maelfu ya vipeperushi! Kwa siri, kwenye mashine ya chuo cha serikali, angejulikana angefukuzwa kazi. Huyu mama na wenzake walikuwa wameshaupanga huo mgomo wa kutopanda mabasi muda mrefu, walikuwa wanasubiri tu siku.

King wakati huo ana miaka 26, mji ule ana mwaka mmoja na kidogo, mtoto wake wa kwanza ana wiki mbili. Alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha kuendesha mgomo mchana wa tarehe 5 kwa sababu mojawapo kwamba ni mgeni, hana ugomvi na mtu. Kipaji cha kuongea alikuwa nacho hilo halina ubishi, jioni ile kanisani aliongea bila muda wa kujiandaa na watu wakasimama. Lakini hotuba haimfikishi mtu kazini.

Nani aliwafikisha? Kwanza teksi za watu weusi zikaanza kutoza senti 10 sawa na nauli ya basi, mji ukawabana kwamba sheria inasema nauli ya chini ni senti 45. Wakapanga magari binafsi, kama 300 hivi, na vituo vya kupakia na kushushia karibu kila mtaa, wengine wanasema hata wale polisi waliokuwa wanawafuatilia walishangaa ule utaratibu. Makanisa yakanunua magari. Bima zikafutwa, wakahangaika mpaka wakapata bima Lloyd's ya London. Polisi wanawapiga faini madereva kwa vijikosa vya kutunga. Na wengi walitembea tu kwa miguu, wamama wa kufua na kupika majumbani kwa wazungu, asubuhi na jioni, siku 381.

Mafuta ya magari yalitoka wapi? Hapo kuna Georgia Gilmore. Mpishi, mama wa watoto sita, alisimama mahakamani kutoa ushahidi kesi ya King ilipokuja Machi 1956 na akafukuzwa kazi. Akaanza kupika nyumbani kwake. Yeye na wenzake wakawa wanauza sandwichi, kuku, keki, wanauza saluni, wanauza nje ya makanisa, wanawauzia mpaka wazungu, halafu usiku wa mkutano anasimama anataja jumla ya hela walizoleta bila kutaja jina la mtu. Majina hayatajwi kwa sababu kila mmoja ana mwajiri wa kizungu. King alikuwa anaenda kula kwake.

Na aliyeshinda mahakamani si King pia. Ni wanawake wanne, Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule binti Claudette Colvin. Kesi yao ndo ilifika Mahakama Kuu ya Marekani Novemba 1956 na ubaguzi kwenye mabasi ya Alabama ukafutwa. Bin Kassim, hakuna askari wa shirikisho aliyekuja Montgomery mwaka ule mzima. Kampuni ya basi ilipoteza hela, watu walikaza, wanasheria wakamaliza. Hiyo unaielezaje?

Nisipomtaja Diane Nash nitakuwa sijatenda haki. Nashville, Aprili 1960, nyumba ya wakili wa wanafunzi waliokuwa wanakamatwa kwa kukaa kwenye kaunta za chakula imelipuliwa alfajiri, maelfu wanaandamana kimya mpaka ofisi ya meya, huyu dada ana miaka 21 akamuuliza meya Ben West mbele ya watu wote kama yeye binafsi anaona ni sawa kumbagua mtu kwa rangi yake tu. Meya akajibu sio sawa. Tarehe 10 Mei kaunta za katikati ya Nashville zikafunguliwa. Yaani alimbana kwa swali moja tu.

Mdadisi2

Mama Upendo nimekaa kimya hapa nimesoma mara mbili, huyo Georgia Gilmore sijawahi hata kumsikia maishani. Asanteni sana wote. Bin Kassim hoja yako na mimi naiona ina nguvu sitaki kuiruka. Ila bado swali langu la pili halijaguswa, yeye mwenyewe King aliiamini au ilikuwa mbinu? Maana mtu anaweza kupanga vizuri kichwani kumbe moyoni hayupo.

Mzee_wa_Maktaba

Mdadisi kijana wangu, hilo swali ngoja nilijibu mimi.

Hakuanza nayo. Aliijua kwa kusoma, habari za Gandhi aliziona akiwa mwanafunzi wa theolojia, lakini kusoma ni kusoma. Nyumba yake Montgomery ililipuliwa tarehe 30 Januari 1956, mkewe na mtoto wakiwa ndani, wakapona. Akatoka mkutanoni akakuta watu wamejaa nje na bunduki na chupa mikononi wako tayari kuuchoma mji usiku ule. Akasimama barazani palipobomolewa akawaambia warudishe silaha nyumbani. Wakarudi. Lakini yeye huyohuyo siku zilezile aliomba kibali cha kumiliki bunduki, akanyimwa, na nyumba yake ilikuwa na walinzi wenye silaha. Bayard Rustin alipofika Februari kumsaidia, mwandishi wa habari aliyekuja nae nusura akalie bastola iliyokuwa imeachwa kwenye kiti sebuleni. Huyo Rustin alishafungwa kwa kukataa kwenda vita ya pili ya dunia, alishafika India, alikuwa ameishi hii njia miaka mingi, na ndiye alianza kukaa na King kumwonyesha kwamba huwezi kuwaambia watu waache silaha huku ya kwako iko chini ya mto. Rustin huyohuyo ndo alipanga yale maandamano ya Washington ya watu 250,000, kwa muda wa miezi miwili hivi.

Bunduki zikaondoka. 1959 King akaenda India kama mwezi mmoja na mkewe, akakutana na Nehru, akarudi mtu mwingine.

Sasa ushahidi wa moyo. Septemba 1958 anasaini vitabu Harlem, mwanamke mgonjwa wa akili akamchoma kifuani kwa kisu cha kufungulia barua, ncha ikakaa jirani kabisa na mshipa mkubwa wa damu, madaktari wakamwambia angepiga chafya tu angekufa. Akatoa tamko hospitalini kwamba hana kinyongo nae na anaomba apatiwe matibabu. Utasema pale kuna magazeti, anajenga jina. Haya, twende Septemba 1962, mkutano wa chama chao SCLC hukohuko Birmingham. King yuko jukwaani anahutubia, kijana wa chama cha Manazi wa Marekani akapanda akampiga ngumi ya uso, akaongeza nyingine na nyingine. Waliokuwepo wanasimulia kitu kilekile, kwamba baada ya pigo la kwanza King aliteremsha mikono yake chini akamgeukia yule kijana akamwangalia. Watu wakamrukia yule bwana, King akapiga kelele wasimguse, wamwombee. Akakaa nae pembeni akaongea nae, akakataa kumshtaki, akarudi jukwaani kumaliza hotuba. Rosa Parks alikuwepo, ndiye aliyempa vidonge vya maumivu ya kichwa na soda. Pigo la kwanza halimpi mtu nafasi ya kupanga mbinu. Kilichotoka pale ndo kilichokuwa ndani.

Na kwa wale wanaodhani aliiona kama jambo la Wamarekani tu, Machi 1957 alikuwa Accra bendera ya Ghana inapandishwa, na Mei 1959 Tom Mboya alikaribishwa Atlanta na watu wa King. Alikuwa anatuangalia na sisi.

Bin_Kassim

Mzee shikamoo, hiyo ya 1962 inanyamazisha, nakubali aliamini. Lakini kuamini na kushinda ni vitu viwili. 1966 alihamia Chicago akapanga nyumba kwenye mtaa wa masikini, Agosti akapigwa jiwe la kichwa Marquette Park akaanguka goti, akasaini makubaliano na meya Daley ambayo hayakutekelezwa. Sheria ya kukataza ubaguzi kwenye makazi ikakwama bungeni, ikaja kusainiwa 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kifo chake, miji zaidi ya mia inawaka moto.

Mwanachama_Hai

Nimekuwa nasoma tu kimya ila hapo mwisho wa maisha yake lazima niingie maana ni suala la wafanyakazi na linaniuma.

Mnaongea kama alikufa akidai viti vya basi. Alikufa akiwa kwenye mgomo wa wazoa taka. Memphis tarehe 1 Februari 1968 mvua kubwa, wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, wakajibanza nyuma ya gari la taka kujikinga maana hawakuwa na pa kujikinga pengine, mtambo wa kushindilia ukawaka wenyewe ukawavuta ndani ukawaua. Magari yale yalikuwa chakavu na wafanyakazi walishalalamika. Tarehe 12 wafanyakazi kama 1,300 wakaacha kazi. Wengine walikuwa na ajira ya kutwa nzima na bado mshahara hautoshi wanategemea msaada wa serikali. Madai yao yalikuwa mafupi tu, chama kitambuliwe, ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, mshahara upande. Meya Henry Loeb akagoma kabisa hasa kwenye hiyo ada, maana chama chenye ada ya uhakika hakifi.

Aliyemwita King ni James Lawson, mchungaji ambaye ndo alikuwa mwalimu wa akina Diane Nash kule Nashville, alishakaa India miaka karibu mitatu na jela alishakaa kwa kukataa vita ya Korea. Washauri wa King hawakutaka aende, walikuwa kwenye maandalizi ya kampeni ya masikini kwenda Washington. Akaenda. Tarehe 28 Machi maandamano yakaharibika akiwa mbele, vijana wakavunja vioo, polisi wakampiga risasi kijana wa miaka 16, Larry Payne, akafa. King aliumia sana, magazeti yakamwandama kwamba sasa kashindwa kuwazuia watu wake. Na ndo maana akarudi, kurudia yale maandamano yaende kwa amani. Kwenye kurudi huko akapigwa risasi tarehe 4 Aprili jioni barazani pale Lorraine Motel. Miaka 39.

Na mjue wakati anakufa hapendwi. Kura ya maoni ya Gallup ya 1966 ilionyesha asilimia 63 ya Wamarekani wanamwona vibaya. Aprili 1967 aliposimama kanisa la Riverside New York kupinga vita ya Vietnam, magazeti makubwa yaliyokuwa yakimsifu yalimgeuka, na hata wenzake wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, walijitenga. Ikulu mlango ukafungwa. Angenyamaza angebaki na heshima zake zote na tuzo yake ya Nobel, ambayo hata ile hela yake, dola 54,000, aliitoa yote kwa harakati. Hakunyamaza. Leo ana sikukuu ya taifa na watu wanamsifu kwa yale ya 1963 tu, haya ya mshahara na vita wanayaruka, inanikera mno.

Bin Kassim, nikujibu. Tarehe 8 Aprili, mumewe hajazikwa, Coretta alikwenda Memphis na watoto wake watatu akaongoza maandamano yaleyale, makumi ya maelfu ya watu, kimya, hakuna kioo kilichovunjwa. Tarehe 16 mji ukasaini. Chama kikatambuliwa, ada ikapatikana utaratibu wake, mshahara ukapanda. Siku zilezile miji inawaka, Memphis wazoa taka walishinda kwa njia ya marehemu.

Bin_Kassim

Sawa, ila mji ulisaini baada ya rais kutuma mtu wake kuja kuwasuluhisha, kwa sababu ya hofu ya moto kusambaa. Hapa tutakesha.

Kalamu_Nyekundu

Tukeshe tu, mada inastahili. Mi sikatai kwamba serikali iliogopa. Nachosema ni kwamba hofu peke yake inaleta askari, haileti sheria inayotekelezeka. Angalia Mississippi, kabla ya sheria ya kupiga kura ya Agosti 1965 walioandikishwa kupiga kura kati ya watu weusi walikuwa karibu asilimia 7, mwaka 1967 walikuwa karibu asilimia 60. Hao waliandikishwa mmojammoja, na watu waliokuwa wameshafundishwa kusimama kwenye foleni ya kujiandikisha kule mahakamani bila kutetemeka. John Lewis aliyepasuliwa kichwa kwenye lile daraja la Selma aliingia bungeni 1987 akakaa mpaka alipofariki 2020. Na 2013 Mahakama Kuu ilipoondoa kipengele kikubwa cha sheria ile, majimbo kadhaa yakaanza kubana tena siku hizohizo, kwahiyo ile vita haijaisha na vijana wa huko bado wanafundishana kwa mitaala ya akina Lawson.

Mdadisi, kama utataka kwenda kuwajibu wenzako, soma kwanza ile barua ya Birmingham yote, halafu hotuba ya Riverside. Ni ndefu zote mbili ila zinasomeka. Ukikwama mahali uliza hapahapa, Mzee wa Maktaba yupo na Mama Upendo yupo.